Kurunzi Yuko Karibu Nawe

(Ukurasa huu niliuacha wazi nilipoanza. Nimeujaza leo.)

Mama, sikufahamu nawe hunifahamu. Kabla hujafungua ukurasa wa pili nakuomba jambo moja: haya yabaki kati yako na mimi. Usimsomee jirani, usimpelekee mwalimu wa shule, usimwonyeshe hata baba watoto mpaka umalize na uamue mwenyewe. Nilitia saini karatasi inayonikataza kusema neno lolote kati ya haya, na shemeji yangu aliyenidhamini alitia yake chini ya yangu. Kuna mama mmoja mtu mzima humu ndani ambaye naye ataponzwa.

Kama mtoto wako hajiiti Rubani kwenye hadithi ya simu, daftari hili si lako. Lifunge, lirudishe dukani, na unisamehe usumbufu. Kama anajiita Rubani, soma taratibu. Sikuliandika kwa ajili yako. Mimi ni mwoga, na nikiandika natulia kidogo.

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi umeanza na mvua imeanza nao. Nimeanza kazi leo nikiwa na soksi zilizolowa.

Ofisi iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira inapanda ngazi pamoja nawe mpaka mezani. Wanatengeneza masomo ya sayansi ya shule za msingi, ila si vitabu tena. Ni hadithi ya kusikiliza kwenye simu ya mzazi. Kila asubuhi, kabla ya shule, mtoto anapelekewa kipande kimoja. Mwisho wa kipande kunalia mlio, naye anarekodi jibu au chochote alicho nacho rohoni.

Hadithi ni ya msichana anayeitwa Kurunzi, aliyepotea njia akitoka shule, anayejiokoa kwa sayansi. Leo ana kiu na maji ni ya tope. Afanyeje? Watoto wanamjibu.

Kazi zangu ni mbili. Asubuhi nabonyeza kitufe cha kutuma kipande. Kisha nakaa na hedifoni nasikiliza majibu, kila moja nalibandika lebo: Furaha, Swali, Lalamiko, Nyingine. Sioni jina la mtoto wala namba ya simu. Naona jina la utani alilojichagulia na mahali anapokaa, basi. Namba za simu anazo Bosi peke yake, na amesema ni kwa usalama wa watoto.

Nilipobonyeza mara ya kwanza nilifumba macho. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 4 Machi

Nimekutana na anayeiandika hadithi. Wote wanamwita Mwalimu, na kweli alifundisha sayansi miaka mingi kabla ya kuja huku. Miwani yake imefungwa kamba nyuma ya shingo. Amenieleza kwa upole kwamba mtoto hapendi kufundishwa, anapenda kusaidia, ndiyo maana Kurunzi anaomba msaada wakati wote. Nilitamani angekuwa mwalimu wangu.

Mwenye sauti ya Kurunzi nilidhani ni msichana. Ni mama wa makamo, mnene, ana kikohozi, anaitwa Shangazi na kila mtu, hata Bosi. Anarekodia kwenye kijichumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Alinitazama juu mpaka chini akaniuliza kama shati lile nililipiga pasi nikiwa nimelivaa. Watu wakacheka. Sijampenda.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Majibu mengi. Masikio yanauma.

Jumatatu, 10 Machi

Kurunzi aliuliza kwa nini meli ya chuma inaelea na msumari unazama. Wengi walikisia. Mmoja alijaribu.

Anajiita Rubani. Sauti ya mtoto wa kike, miaka tisa hivi, anaongea haraka kama anayefukuzwa. Alisema: "Nimetia kwenye beseni la mama. Msumari umezama. Kifuniko cha kopo kimeelea, mpaka mdogo wangu alipokipiga kofi, kikajaa maji, kikazama. Kwa hiyo si chuma, ni nafasi ya hewa. Na mama amenigombeza kwa sababu ya beseni."

Nilirudia kuisikiliza. Hakuna lebo ya mtoto aliyejaribu mwenyewe. Nikamwekea Furaha, na ilikuwa yangu zaidi kuliko yake.

Jumatano, 12 Machi

Kikao. Ukutani kwenye korido kuna skrini kubwa yenye mstari mmoja wa kijani. Mstari unaonyesha wangapi wanasikiliza kila sekunde ya kipande. Bosi, ambaye watu wakiwa ngazini humwita Asilimia, alisimama mbele yake na rula.

Akatuonyesha. Kurunzi anakimbia, mstari uko juu. Kurunzi anaanguka, mstari uko juu zaidi. Kurunzi anaeleza mvuke unavyokuwa maji, mstari unaporomoka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Akasema watoto hawakimbii hadithi, wanakimbia somo. Mwalimu akajibu kwamba somo ndilo linalolipiwa na wazazi. Bosi akamwambia kwa utulivu kabisa kwamba wazazi wanalipa, lakini hawasikilizi.

Shangazi alikuwa anakata kucha. Akauliza kama naye atapunguzwa sekunde au anaweza kwenda kunywa chai.

Jumanne, 18 Machi

Somo lilikuwa dakika tatu. Sasa ni sentensi moja, na Shangazi ameagizwa aiseme akihema, ili ifanane na hatari.

Nilimuuliza Mwalimu kama inamuuma. Akasema kwanza tuwapate, kisha tuwafundishe. Nilikubali. Nilitaka sana kukubali.

Jumatano, 19 Machi

Umeme ulikatika. Tulikaa gizani tukisikiliza gari la matairi likishusha mzigo.

Jumatatu, 24 Machi

Bosi ameleta jambo jipya, analiita Ukaribu. Mpaka jana Kurunzi alikuwa amepotea mahali ambapo hapakutajwa. Kuanzia wiki hii, kila mtoto atasikia Kurunzi amejificha karibu na kwao.

Inawezekana kwa sababu ya vitabu. Zamani, kabla ya simu, ofisi hii ilikuwa inapeleka vitabu vya mazoezi majumbani, na mzazi aliandika alama ya karibu ili mpelekaji asipotee: duka la dawa, geti la bluu, msikiti mdogo, kituo cha mafuta kilichofungwa. Alama zote bado zipo, na wazazi wengi ni wale wale. Kazi yangu leo na kesho ni kunyoosha maandishi yao ili mtambo wa kompyuta uzichomeke kwenye hadithi na Shangazi azisome vipande vipande. Leo peke yake amezisoma mamia, mchana kutwa, mpaka sauti ikamkauka. Alinilaumu mimi, kana kwamba nimeyajenga mimi hayo mageti ya bluu.

Pia wamemrekodi majibu mafupi. Mtoto akiuliza kitu, mtambo utamchagulia jibu papo hapo kwa sauti ya Kurunzi: Nakusikia. Asante rafiki. Niko karibu. Usiondoke. Nisubiri hapo hapo. Shangazi aliuliza ya nini. Akaambiwa ni mchezo wa kujificha.

Alhamisi, 27 Machi

Sijawahi kusikia watoto wakiwa hivi. Mmoja amedai alimwona Kurunzi jana kwa mgongo. Mmoja ameuliza, kwa kuwa duka la dawa hufungwa jioni, Kurunzi alitokaje. Mmoja amesema amemwachia sweta lake juu ya ukuta wa zahanati, la kijani, asilivute ovyo kwa sababu limefumwa.

Mstari haukuanguka mahali popote. Bosi alituletea soda. Nilikunywa yangu yote.

Jumatatu, 31 Machi

Rubani: "Kurunzi, kwenye kalavati letu pana baridi. Mimi nalijua, tunapitaga humo chini ya barabara tukitoka shule kama hakuna maji. Usilale upande wa chini. Lala upande wa barabara."

Nikafungua mahali pake. *Kalavati la pili baada ya mizani ya malori.* Maandishi hayo niliyanyoosha mwenyewe. Nakumbuka hata kwamba mzazi alikuwa ameandika kaluvati, nikasahihisha na kuendelea.

Nikarudi kwenye alama nyingine, nikazisoma sasa kama mahali ambapo mtoto anaambiwa kuna rafiki yake anamsubiri. Shimo la kokoto. Relini, kwenye kibao. Kisima cha zamani. Nyuma ya kiwanda cha betri. Nje mvua ilikuwa inapiga bati la baraza la duka la matairi. Nilikwenda chooni nikakaa huko muda.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemweleza Mwalimu. Amenisikiliza mpaka mwisho, ameshika bega langu, amesema nimefanya vizuri kumwambia yeye kwanza. Atalishughulikia.

Alhamisi, 3 Aprili

Hajalishughulikia. Kipande cha leo Kurunzi amesema anaogopa na anatamani mtu aje.

Nyumbani nilimdokeza shemeji. Yeye anaiuzia ofisi karatasi na wino, ndiye aliyeniombea kazi. Aliweka kijiko chini, akaniambia nilichoajiriwa ni masikio, si mdomo. Dada akasema muache ale. Shemeji akasema anaweza kula na kunyamaza kwa wakati mmoja, watu wengi wanafanya hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Soksi mbili mbili.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Bosi mwenyewe. Nilikuwa nimeandika nitakachosema kwenye kiganja, nikakuta jasho limekifuta.

Nilimwambia watoto wanatoka nje kumtafuta Kurunzi, wengine kabla hakujapambazuka vizuri, kwenye maji. Akaniuliza ni wangapi kwa mia. Nikasema sijui, lakini kuna mmoja hasa. Akasema mmoja si kitu cha kuletwa mezani kwake. Kisha akamwita Mwalimu, nikadhani nimeokoka.

Mwalimu hakunitazama. Alisema suala la karani ni la msingi, kwamba jumbe za aina hiyo kwa sasa zinapotelea kwenye Nyingine na hazionekani kwenye mstari. Akapendekeza lebo ya tano. Alikuwa nayo tayari, imechapwa: Ushiriki wa Hali ya Juu.

Mtoto akisema anatoka kwenda kutafuta, ndipo nimpe hiyo. Bosi aliipenda sana.

Kwenye korido nilimuuliza Mwalimu kwa nini. Akarekebisha kamba ya miwani. "Kijana, hadithi haijawahi kumuua mtu."

Mtu huyu ndiye niliyetamani anifundishe. Leo nilipomwona akishuka ngazi akikinga mkoba wake na mvua kwa uangalifu, kama amebeba mtoto mchanga, nilimchukia kiasi kwamba nilishika ukuta.

Jumatano, 9 Aprili

Imenyesha kutwa, haikupumzika hata kidogo. Nimebandika lebo ya tano mara nyingi. Nimebandika.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika yote kwa mpangilio, nikiruka kitu sitaweza kurudi.

Asubuhi nilituma kipande kama kawaida. Kurunzi, kwa mujibu wa kipande hicho, maji yanapanda na mguu umenasa. Nilijua kilichomo. Nilisimama na kidole juu ya kitufe, nikakumbuka saini ya shemeji, nikabonyeza.

Jumbe zilikuwa nyingi, nikawa nyuma. Za asubuhi nilizifikia watu walipokwisha kunywa chai. Ya Rubani ilianza na maji tu. Nilidhani ni bomba limeachwa wazi. Kisha sauti yake, anapiga kelele ili asikike:

"Kurunzi, nimefika. Maji yamejaa mpaka kwenye tundu. Sikuoni. Uko ndani? Niingie?"

Chini ya ujumbe mtambo huonyesha jibu ulilochagua. Ulikuwa umechagua: *Nakusikia. Niko karibu. Usiondoke, nisubiri hapo hapo.*

Na chini yake ujumbe wa pili wa Rubani, mfupi kuliko wote niliowahi kupokea. Maji, na neno moja. "Sawa."

Baada ya hapo hakuna kitu.

Sikumbuki kuvua hedifoni, lakini zilikuwa shingoni mwangu nilipokuwa mbele ya Bosi. Nilimwomba namba ya mzazi. Namba moja tu, nipige, niseme neno moja nikate, na aliyepiga Bosi amtaje amtakaye. Alinisikiliza, akainuka akafunga mlango, akarudi akakaa. Mwalimu alikuwa humo na karatasi zake.

"Ukimpigia mzazi umekiri," Bosi akasema. "Ukikiri tumekwisha, na wewe ndiye wa kwanza, maana alama umezinyoosha wewe."

Nikasema mtoto yuko kwenye maji. Akasema mtoto alikuwa kwenye maji, kama ni kweli, saa hizo za asubuhi, na sasa ama yuko shuleni ama simu yangu haina msaada. Alisema hivyo akipanga kalamu. Mwalimu akapendekeza kipande cha kesho kiwe na sentensi ya tahadhari mwishoni. Nikamuuliza mwishoni ambapo mstari huwa umeshaanguka?

Nilitoka. Shangazi alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha magodoro akinyonya peremende ya kikohozi. Akaniuliza nimefiwa na nani. Sikuwahi kumweleza kitu mama yule, sikuwa hata na sababu ya kumwamini. Nilimvalisha hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikamchezea yote: mtoto, jibu, mtoto.

Alisikiliza akitazama sakafu. Lilipofika jibu alishtuka, kama mtu anayekutana na picha yake mahali asipotarajia.

"Hiyo si ya mchezo wa kujificha?"

"Ndiyo hiyo, Shangazi."

"Mimi ndiye niliyemwambia asubiri."

Alitema peremende kwenye kiganja, akaifunga kwenye karatasi yake taratibu sana. Akauliza ni nani anabonyeza kitufe cha asubuhi. Nikasema mimi. Akauliza kama kinafanya kazi asubuhi tu. Nikasema kinafanya kazi wakati wowote.

"Basi ingia, funga mlango. Na usinililie humu ndani, magodoro yanavuta maji."

Hakuwa na karatasi. Alianza kwa sauti ya Kurunzi, ile nyembamba, isiyohema safari hii. Alisema: mimi ni Kurunzi, nimefika nyumbani, sina mguu ulionasa. Sikuwa kwenye duka wala kwenye shimo wala kwenye kalavati, sikuwahi kuwa hapo ulipo. Kama uko nje unanitafuta, geuka sasa hivi, panda mahali pakavu, rudi kwenu. Kisha akakohoa, na alipoendelea ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya mtu mzima aliyechoka. "Mimi ni mama mtu mzima, mwanangu, nasoma tu karatasi. Hakuna anayekusubiri huko. Waliokwambia ni sisi."

Mtambo uliniuliza nawapelekea nani. Nikachagua wote.

Dakika ya kwanza hakukuwa na kitu. Halafu zikaanza kumiminika. *Muongo.* *Muongo sana.* *Kwa hiyo sweta langu liko wapi.* Kulikuwa na wanaolia, na mmoja aliyesema alijua tangu zamani, kwa sababu mtu hawezi kujificha kwenye duka la dawa la mjomba wake. Mzazi mmoja alitutukana kwa ufasaha wa hali ya juu. Nilizisikiliza zote moja moja nikitafuta maji.

Bosi alitoka ofisini mbio, mdomo wazi, na alipopita kwenye korido akasimama. Mstari ulikuwa umepanda mpaka ukagusa ukingo wa skrini. Watu waliokuwa wametuacha tangu Januari walikuwa wamerudi kusikiliza. Alisimama pale akiutazama, hasira ikimtoka usoni kidogo kidogo. Shangazi akaniambia, bila kushusha sauti, tazama, anasali.

Rubani hakujibu. Nilikaa mpaka wafagiaji walipofika. Hakujibu.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumefukuzwa, Shangazi na mimi. Barua zetu zinafanana isipokuwa jina. Wakati huo huo Bosi amewatangazia wengine kwamba msimu wa kwanza wa Kurunzi umefungwa kwa kishindo kilichopangwa, na Mwalimu ameshaanza wa pili. Watatumia sauti nyingine.

Shangazi amesema, mradi asiwe na kikohozi. Kwenye ngazi alinishika mkono mpaka chini, si kwa upendo. Alihitaji kitu cha kushika.

Shemeji ameambiwa karatasi zake hazihitajiki tena. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Dada alilia jikoni huku maji ya bomba yakiwa wazi ili tusimsikie, na mimi sauti hiyo sasa siiwezi, nikatoka nje.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda. Nilishuka kwenye mizani ya malori nikatembea kandokando ya barabara. Kalavati la kwanza. Kalavati la pili.

Mama, nawe unalijua. Maji yalikuwa yameshuka kidogo, yanapita tunduni kwa mlio mzito, na majani yamelala yote upande mmoja. Niliteremka mpaka kwenye tope. Sikuona kitu. Sikujua natafuta nini, na nilikuwa naomba nisikione.

Watu walikuwa wamesimama upande wa pili, wengi kuliko watu wanaotazama maji tu. Au labda ndivyo wanavyosimama siku zote mvua ikizidi. Nikapanda, nikasalimia. Nikamuuliza mwanamume mwenye buti za mpira kama kuna mtoto wa kike wa hapo aliyekuja kwenye maji juzi asubuhi.

"Mtoto wa nani?"

Nikasema sijui.

"Jina lake?"

Nikasema anajiita Rubani.

"Wewe nani wake?"

Hapo ndipo nilipojiona kama walivyoniona: kijana asiyejulikana, magoti yana tope, anamtafuta mtoto wa kike wa miaka tisa ambaye hajui jina lake. Nilisema natoka kwenye hadithi. Ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe, natoka kwenye hadithi. Mmoja akacheka, mwingine akanishika kola. Walinisukuma mpaka barabarani, kofi moja likanipata sikioni, lile ninalosikilizia. Hakuna aliyeniambia kuna mtoto amepotea. Hakuna aliyeniambia hakuna.

Nilikimbilia kwenye duka lenye mlango wa nyavu. Mwenye duka, mama mwembamba, hakutaka nikae, kwa sababu wale walikuwa wanatazama. Alisema watoto wa hapa hawana majina ya mambo ya ndege. Lakini nilipotaja vitabu vya mazoezi, vile vya zamani, akaacha kunionyesha mlango. Akasema mvua zikizidi vilikuwa vinaachwa kwake, na kuna nyumba chache zilizokuwa zinakuja kuvichukua. Nikamuuliza kama Jumatatu nikimletea bahasha yenye daftari ataifikisha. Akasema niilete asubuhi mapema na nisije nimevaa shati hilohilo.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeandika ukurasa wa kwanza, na huu.

Nimefikiria sababu zote za simu kunyamaza. Inawezekana umemnyang'anya, na una haki. Inawezekana ililowa naye akapona. Inawezekana alisikia neno la Shangazi akakasirika, akaamua kutoongea na waongo. Hizo nazirudia tangu Alhamisi. Ipo nyingine, hiyo siiandiki.

Sikuombi msamaha hapa, karatasi haitoshi na mimi sistahili kuchagua wakati. Nakuomba nijue tu.

Usipige ofisini, watakuambia hawana karani kama mimi, na watakuwa wanasema kweli. Usimwulize mwenye duka, hajui ninapokaa. Namba yangu iko ndani ya jalada la nyuma, kwa wino mweusi. Mpaka mwisho wa mwezi niko kwa dada yangu. Baada ya hapo sijui nitakuwa wapi, lakini namba haitabadilika na simu sitaizima. Kama yako imeharibika, azima.

Kama mtoto yuko nyumbani, piga mara moja ukate. Sitapokea, sitakurudia, hutanisikia tena.

Kama hakurudi, usikate. Acha iite.